Aliyeshuka Peke Yake

Guangzhou, 14 Desemba 1997

Dada Swalha,

Shikamoo. Huku tu wazima, ukiacha mafua ambayo sisi wapangaji wa mtaa wa Sanyuanli tunayapokezana kama kombe la mpira. Mama anaendeleaje na miguu yake? Mwambie ile dawa ya kuchua nimeipata, nitampa mtu anayerudi Dar mwezi ujao. Mwanao Chausiku naye asinune, viatu vyake vimo humo humo.

Mumeo hajambo na amenenepa. Wiki za mwanzo alikuwa hatoki bila mimi. Sasa anakwenda Zhanqian Road peke yake, anashika kitambaa kwa vidole viwili na kumwambia laoban, yule mwenye duka, kwamba hii si pamba tupu. Laoban anabisha. Abubakary anachomoa uzi mmoja, anauchoma kwa kiberiti, ananusa, anatikisa kichwa. Siku hizi wakimwona anakuja wanaficha vitambaa vibovu chini ya meza. Mimi msomi wa mitambo nasimama pembeni nikijivunia shemeji fundi cherehani.

Barua yake imo ndani ya bahasha hii, kurasa nne, sijaifungua. Lakini kuna jambo ameona haya kukuandikia, amenisukumia mimi.

Unajua mimi na Protas tulisoma pamoja Harbin, kaskazini kabisa, na kwamba huko ndiko tulikofundishwa kuteleza kwenye theluji kwa zile mbao ndefu zinazofungwa miguuni. Tangu tuhamie kusini kufanya biashara, kila mwaka Wachina wanapofunga maduka kwa mwaka wao mpya, tunapanda treni na kurudi kule milimani. Wanakuja wenzetu wa darasani wa Kichina, anakuja Wekesa wa Bungoma, na hakosekani mgeni au wawili wa kuchekwa. Tunateleza mchana, tunakula maandazi ya nyama ya kondoo, tunakumbushana walimu wetu. Mwaka huu shemeji anataka kuja. Mwaka wao unaangukia kwenye Idi yetu, kwa hiyo tutaswali Harbin, kuna msikiti mkubwa wa Waislamu wa huko. Protas amejitolea kumfundisha.

Anasubiri neno lako.

Mdogo wako,
Abdulwakil


Tanga, 9 Januari 1998

Mdogo wangu Abdulwakil,

Marahaba. Barua yako imenifikia na funga zimeshaanza. Mama hajambo, anafunga ingawa daktari amemkataza, na ukimwambia anakuuliza huyo daktari ni wa dini gani. Mvua hii wanayoiita El Nino haijatupa nafasi. Barabara ya Segera imekatika mara mbili, ukuta wa uani umelala, na nguo za watu nilizoshona zimeota ukungu kabla hawajazichukua. Chausiku amekuwa wa tatu darasani.

Sasa hilo la milimani. Hapana. Asiende.

Sina ugomvi na rafiki zako. Protas amekula kwangu Idi mbili, akitoka kwao Lushoto, na sahani aliosha mwenyewe. Lakini Abubakary nilimpa ruhusa ya biashara, sikumpa ruhusa ya kucheza. Mtu akifungua jokofu la soda anakohoa, huyo umpeleke kwenye barafu? Kurasa zake nne nimezisoma, kaandika habari za vitambaa kuanzia juu mpaka chini, la theluji hata neno. Mtu anayeogopa kuniambia jambo, basi hata yeye ana wasiwasi nalo.

Mwambie abaki hapo Guangzhou, alale, ale, mtakaporudi atakuwa amepumzika. Nyinyi wawili mliozoea nendeni salama.

Dada yako,
Swalha


Guangzhou, 20 Februari 1998

Dada Swalha,

Shikamoo, na Idi njema ingawa imeshapita. Natumai Mama amemaliza funga salama na mvua zimepungua.

Barua yako nimeikuta imeingizwa chini ya mlango niliporudi. Nimeisoma.

Dada, nina habari mbaya. Protas amefariki. Ilikuwa ajali ya mlimani, hali ya hewa ilibadilika. Wekesa ameusindikiza mwili mpaka Lushoto. Mimi sikuweza kwenda, kuna mambo yalinizuia hapa. Mliomo nyumbani mwombeeni mama yake subira.

Shemeji yupo. Ana shughuli nyingi. Anakusalimu sana na anambusu Chausiku. Atapiga simu dukani kwa jirani yenu wiki hii.

Siwezi kuandika zaidi leo.

Abdulwakil


Tanga, 22 Machi 1998

Mdogo wangu,

Poleni sana. Nilipofika kwenye jina la Protas nilimwita Mama. Mama amelia kama kafiwa yeye. Nilitaka kupanda Lushoto kutoa pole lakini barabara ya Soni imefunikwa na udongo, magari yanaishia Mombo. Nitakwenda ikifunguliwa. Sisi hapa ni wazima, Chausiku alipata malaria, amepona.

Abubakary alipiga simu kama ulivyosema. Nilikimbia mpaka dukani, mtandio nimeusahau. Nikamwuliza hujambo, akasema hajambo. Biashara? Nzuri. Unarudi lini? Karibuni. Alikuwa anazungumza kama mtu anayesoma tangazo la maji kukatwa. Nikamwuliza, wewe ulikwenda mlimani? Kisha nikasikia mtu mwingine karibu yake, nadhani ni wewe, na simu ikakatika.

Sasa nikuulize wewe. Miezi mitano ya kwanza mume wangu aliniandikia kila Ijumaa. Barua yake ya mwisho ni ya Januari. Tangu hapo, kimya. Salamu zake zinakuja kwa mwandiko wako. Hata kwenye bahasha za picha za nguo za mfano, anwani ni mwandiko wako.

Sisi watu wazima. Kama ameoa huko, niambie. Nitalia wiki moja na nitaendelea na kazi. Kama amefungwa, niambie pia. Usiniache nikae na watu barazani wananiuliza habari zake huku nikitunga.

Swalha


Guangzhou, 19 Aprili 1998

Dada,

Shikamoo. Namshukuru Mungu Chausiku amepona. Tumeswali Idi ya kuchinja hapa, baridi imekwisha, joto limeanza na unyevu unatiririka kwenye kuta.

Hajaoa. Naapa kwa Mola aliyetuumba. Hajafungwa. Anaishi nami chumba kimoja, analala kitanda cha dirishani.

Mengine atakueleza mwenyewe. Nimefungwa mdomo, Dada, usinilazimishe.

Nimewatumia doti za vitambaa, chukueni Dar kwa yule yule aliyeleta dawa ya Mama.

Abdulwakil


Tanga, 17 Mei 1998

Abdulwakil,

Mama ni mzima. Sitaandika salamu nyingine.

Jumamosi nilikuwa kwenye cherehani, akaingia mwanamke mrefu, amejifunga kitambaa cheusi. Anaitwa Dorothea, ni mwalimu Korogwe. Ni dada yake Protas. Nilimkumbatia, nikamwomba radhi kwamba sijapanda kwao, nikampa chai. Hakuigusa. Alikuwa anaangalia cherehani ya Abubakary, ile iliyofunikwa shuka.

Akaniuliza, "Mume wako amesharudi?"

Nikasema bado.

"Mikono imepona?"

Nikamwambia, "Mikono ipi?"

Akanitazama, akijaribu kujua kama namfanyia ujanja. Kisha uso wake ukabadilika. Akasema, "Dada, wewe huna habari."

Nikamwambia sina, nieleze. Akanieleza. Kwamba mume wangu alikwenda mlimani na Protas siku ile, wao wawili tu. Kwamba Protas alivunjika mguu. Kwamba Abubakary alishuka peke yake, na asubuhi watu walipopanda walimkuta Protas ameshakufa. Kwamba Abubakary amekatwa vidole kwa sababu ya baridi. Haya aliyasema Wekesa msibani, mbele ya mama mtu. Jeneza lilikuja limezibwa kwa madini ya risasi, wakaambiwa lisifunguliwe. Mama yake alilipapasa juu akiuliza kichwa kiko upande gani.

Dorothea hakuja kunitukana. Alisema, "Mama hasemi neno. Anakaa mlangoni. Kitu kimoja tu anachouliza, huyo aliyekuwa naye yuko wapi, mbona haji? Nimekuja kumtafuta."

Nikamwambia nitamtafuta mimi. Akaondoka na chai imepoa.

Basi mimi mke wake nimepata habari za mikono ya mume wangu kutoka kwa mgeni. Umenikatia simu, umeniandikia joto na unyevu wa kuta. Mimi nilikuwa namfikiria mwanamke, nikaona wivu, nikamlaani mtu ambaye hawezi kufunga kifungo.

Niambie vidole vingapi. Niambie alimwacha au hakumwacha. Usinifiche hata kidogo, Abdulwakil, maana nikigundua tena, hutakuwa na dada Tanga.

Swalha


Guangzhou, 8 Juni 1998

Dada Swalha,

Shikamoo. Una haki kwa kila ulichosema. Nimemsomea Abubakary barua yako yote. Aliniomba nirudie pale pa mama na jeneza. Nilipomaliza alisema, "Mwandikie." Ndiyo ruhusa.

Mkono wa kulia amebaki na gumba tu. Wa kushoto amebaki na gumba na nusu ya kidole cha shahada. Walisubiri wiki kadhaa kujua nyama ipi imekufa na ipi ni hai, kisha wakakata hapa Guangzhou, mwezi wa tatu. Ulipozungumza naye bado alikuwa amefungwa bendeji mpaka viwiko, mimi ndiye niliyemshikia simu sikioni. Wewe ulipouliza habari ya mlima akageuza uso, nikakata.

Ruhusa yako hakuisubiri. Aliniambia, "Akikataa, barua itakuta nimesharudi, nitamletea picha acheke." Na Dada, kwa siku za mwanzo alifurahi kama mtoto. Alianguka, akaamka, akapiga kelele. Protas alikuwa akiteleza kinyumenyume mbele yake, amemnyooshea mikono, akimwambia, "Njoo, fundi, njoo kwangu."

Siku hiyo upepo ulianza baada ya chakula cha mchana. Mimi na Wekesa tulishuka kunywa chai. Protas akasema atapanda mara ya mwisho, na shemeji akamfuata. Wingu likashuka juu yao. Walipoteza njia kwenye mgongo wa mlima na kushukia upande wa nyuma, ambako hakuna njia, ni misonobari tu. Protas akagonga kisiki kilichofunikwa na theluji. Mfupa wa paja.

Abubakary alitaka kumfunga tawi la mti mguuni. Glavu zile ni nene, huwezi kufunga fundo ukiwa nazo. Akazivua. Alimfunga kwa mkanda na skafu, na tulipoukuta mwili fundo lilikuwa limekaa sawasawa. Alipogeuka kuchukua glavu, upepo ulikuwa umezichukua. Akamburuta Protas kwa mikono mitupu. Hawakufika mbali, theluji ilikuwa inawafika kiunoni.

Protas akamwambia, "Nenda ukalete watu." Akakataa. Protas akamtukana. Akamwambia, "Tukifa sote wawili hapa, mama yangu ataambiwa na nani?" Abubakary akavua koti lake, akamfunika, akashuka.

Alifuata kijito mpaka akatokea kwa mzee mmoja mkata kuni na mkewe. Hajui lugha, anaonyesha mlima tu. Walipomfikisha kwetu, giza limeshaingia na upepo haukuruhusu mtu kupanda. Mikono yake ilikuwa myeupe kama mshumaa na bado alitushika magoti, anataka twende. Alfajiri tulipanda. Koti tulilikuta juu ya Protas, amelishika kwa ndani.

Wekesa hakusema uongo. Ni kweli alishuka peke yake. Lakini la koti hakulisema, na nilipomwuliza kwa nini, alisema alikuwa amesimama mbele ya kaburi, maneno yalimwisha.

Nimemwambia Abubakary mara nyingi kwamba hakumwacha. Ananijibu, "Nilimwacha. Koti halikusaidia kitu." Alinikataza kukwambia kwa sababu aliamini atapata namna ya kurudi nyumbani akiwa mzima. Ndivyo anavyosema, kana kwamba vidole vitaota. Kuna siku nilimkuta amekaa na kitambaa gotini, anakisugua kwa kile kipande cha kidole, anajaribu kujua ni pamba au si pamba.

Nimemkatia tiketi, atafika Dar mwanzoni mwa Julai. Mpokee.

Abdulwakil


Tanga, 2 Agosti 1998

Mdogo wangu Abdulwakil,

Salaam nyingi kutoka kwa Mama, ambaye amekusamehe kabla yangu. Mvua zimekwisha, ukuta wa uani umejengwa upya. Chausiku anavaa vile viatu hata ndani ya nyumba. Mimi bado nina kinyongo nawe, lakini nakuandikia kwa kuwa ni haki yako kujua.

Alifika siku ya Maulidi. Nilikuwa nimejiandaa kuiona mikono yake. Sikujiandaa kwa jinsi alivyosimama mlangoni akisubiri kukaribishwa, kwake mwenyewe. Chausiku alimkimbilia, akaishika ile mikono, akaitazama, akamwuliza, "Inauma?" Akasema, "Kukiwa na baridi." Basi, mtoto akaridhika. Sisi wakubwa ndio tulioshindwa.

Siku hizo zote alikula peke yake chumbani, mlango umefungwa. Sahani ilirudi imebaki nusu. Hakuniruhusu nimlishe wala nimtazame akila. Wateja walikuja kumwamkia, akaweka mikono chini ya shuka.

Jumatatu ya pili akasema, "Nipeleke Lushoto."

Tulikwenda. Nyumba yao iko juu, pembeni mwa shamba la kabichi, na asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umelala mpaka mlangoni. Dorothea alitupokea nje. Akamvuta pembeni akamwambia, nami nasikia, "Kaka, mama atakuuliza. Mwambie alilala tu. Mwambie hakuumia. Wekesa alimwambia hivyo, na padri vile vile."

Mama yake Protas alikuwa kwenye kigoda mlangoni, kanga mbili mabegani. Mwanamke mwenye umbo dogo, mweusi, macho makavu. Abubakary akapiga magoti kwenye udongo. Yule mama hakumsalimu. Akasema, "Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Nionyeshe."

Akatoa mikono. Mama akaitazama, akairudisha kwa upole, kama unavyorudisha kitu dukani.

"Mwanangu alikuwa anaogopa?"

Dorothea alikuwa nyuma ya mama yake, anamtazama Abubakary, anatikisa kichwa. Nami moyoni namwambia, sema hapana, sema hapana tuondoke.

Abubakary akasema, "Ndiyo, mama. Alikuwa anaogopa. Alinifukuza kwa matusi ili niende, lakini nilipoanza kushuka aliniita. Sikugeuka. Nilijua nikigeuka sitakwenda. Aliniita mara nyingi, kisha akawa anakuita wewe. Nilimsikia mpaka pale kwenye kijito."

Abdulwakil, haya hakukwambia hata wewe. Dorothea alishika mdomo.

Mama yule akavuta kanga zake mabegani. Halafu akasema, "Wote waliokuja hapa wameniambia alilala. Nikajiuliza, mtoto gani huyo alale mahali kama hapo? Tangu mdogo alikuwa hawezi kulala peke yake." Akashika mlango, akanyanyuka. "Kwa hiyo aliniita."

"Alikuita, mama."

"Na wewe ukasikia."

"Nilisikia."

"Vizuri. Kumbe kuna aliyemsikia." Akaingia ndani. Mlango haukufungwa wala hakutoka tena. Tulisikia sauti yake, mara ya kwanza tangu msiba, Dorothea alisema. Alikuwa analia kwa nguvu, kwa Kisambaa, akijibu. Anajibu kama mama anayeitwa kutoka shambani. Dorothea akatuambia twende, hakutuambia turudi wala tusirudi. Alitushika mkono sote wawili.

Tukarudi Tanga. Sitakudanganya kwamba Abubakary amepona. Anaamka akitweta. Cherehani yake ameniambia niiuze, bado sijaiuza. Mimi mwenyewe kuna saa namtazama nikasikia hasira, naye anajua.

Juzi mchana nilipakua wali, nikaweka sinia mkekani, Mama, Chausiku na mimi. Mlango wa chumbani ukafunguka. Akatoka, akaketi kati yangu na mtoto, akapeleka mkono kwenye wali. Ulimwagika. Akakusanya kwa magumba mawili, ukamwagika tena, mwingine ukafika mdomoni. Mama akasogeza kipande cha samaki upande wake, kama anavyomfanyia mtu yeyote. Tukaendelea kula.

Dada yako,
Swalha